Ngano na Mafunzo ya Kiswahili kwa Watoto wa Mbulu na Hanang

Nchi ya Mbulu na Hanang, iliyomo katika Mkoa wa Manyara tangu mkoa huo ulipomegwa kutoka Arusha mwaka 2002, ni miongoni mwa mahali pachache barani Afrika ambapo lugha za asili nne zisizo na udugu hukutana katika masoko yale yale na katika shule zile zile. Wairaqw, ambao wageni wa zamani waliwaita Wambulu, husema lugha ya Kikushi. Wadatooga, na hasa Wabarabaig wa nyanda zilizo chini ya Mlima Hanang, husema lugha ya Kiniloti. Wanyaturu na Wabantu wengine waliohamia humo wana lugha za ukoo mmoja na Kiswahili. Tena katika bonde la Yaeda wamo Wahadzabe, ambao lugha yao yenye sauti za kidoko haijapatiwa ndugu wa hakika popote. Kwa watoto wengi wa vijijini katika nchi hiyo, Kiswahili si lugha waliyoipata mapajani mwa mama. Ni lugha wanayofundishwa, na mara nyingi hufundishwa ndani ya chumba cha darasa kwa mara ya kwanza.

Wanahistoria wa Kiswahili wameandika mengi juu ya misafara, boma, kamati na sera zilizoieneza lugha hii bara. Jambo ambalo halikuangaliwa sana ni chombo ambacho lugha yenyewe ilifikishwa kwa mtoto. Chombo hicho, tangu mwanzo na karibu kila mahali, kilikuwa hadithi. Kwa hiyo swali linalostahili kuulizwa ni hili: hadithi hizo zilikuwa za nani, na mtoto wa Mbulu alipozisikia alikuwa anakijua kitu gani kabla ya kuyajua maneno yake?

Swali hilo si dogo, kwa sababu hadithi haifundishi lugha kwa utamu wake tu. Hufundisha kwa kuwa maana hutangulia maneno. Mtoto anayejua kwamba fisi atadanganywa, na kwamba tamaa yake ndiyo itakayomponza, hahitaji kuelezwa maana ya neno “tamaa”. Huipata mahali pake, katika mwendo wa kisa. Msimulizi akirudia sentensi moja mara tatu, kama wasimulizi wote wafanyavyo, mtoto huipokea mara ya tatu na kuisema mwenyewe. Hata mwito wa “Paukwa” na jibu lake “Pakawa” ni somo, maana mtoto asiyejua maneno kumi ya Kiswahili aweza kujibu kwa wakati wake na kwa sauti yake, akahesabiwa miongoni mwa wasemaji. Lakini faida hiyo hutegemea sharti moja, nalo ni kwamba katika vitu viwili, kisa na lugha, kimoja kiwe kinajulikana. Vikiwa vigeni vyote viwili, mtoto hubaki na sauti bila maana.

Kiswahili kiliingia nchi ya Mbulu kama lugha ya amri kabla ya kuwa lugha ya masomo. Wafanyabiashara wa misafara walipita pembezoni mwake. Kisha Wajerumani walijenga boma Mbulu, na askari, karani na akida wakaileta lugha pamoja na kodi. Wamisionari wa Kikatoliki walifika mwanzoni mwa karne ya 20, na Kiswahili kikapata kazi nyingine ya mafundisho ya dini. Wakati huo vitabu vya hadithi za Kiswahili vilikuwa vimekwisha kuwapo kwa miaka mingi, navyo vilikuwa vya pwani. Askofu Edward Steere alichapisha London mwaka 1870 kitabu chake cha ngano alizozikusanya Unguja, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Kusudi lake lilikuwa kuwapa wageni njia ya kujifunza lugha, na tangu siku hizo ngano na mafunzo ya Kiswahili vimekwenda pamoja. Carl Velten naye alitoa mkusanyo wake kwa Wajerumani mwaka 1898. Yafaa kukumbuka kwamba mwanafunzi wa kwanza wa Kiswahili kwa njia ya ngano zilizochapwa hakuwa mtoto wa bara. Alikuwa Mzungu mtu mzima, na ngano zilichaguliwa kwa ajili yake.

Serikali ya Waingereza ilipokikubali Kiswahili kuwa lugha ya madarasa ya chini katika Tanganyika, haja ya vitabu ilikuwa kubwa na waandishi walikuwa wachache. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa na Idara ya Elimu mwaka 1923, lilifanya kazi kubwa ya kuwapa walimu na wanafunzi kitu cha kusoma, na ngano zilikuwa na nafasi yake humo. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya nchi za Afrika Mashariki ilianza kazi, Frederick Johnson akiwa katibu wake wa kwanza. Johnson mwenyewe alikuwa mfasiri hodari. Chini ya mkono wake na wa wenzake zilitoka tafsiri za vitabu vya Kiingereza, kama Mashimo ya Mfalme Sulemani cha mwaka 1929, pamoja na hekaya za Mashariki kama zile za Alfu Lela Ulela. Abunuwasi na ujanja wake akawa rafiki wa watoto wa shule kutoka Tanga hadi Ujiji.

Sasa yafaa kumfikiria mtoto wa Irqwa Da'aw, kitovu cha nchi ya Wairaqw, katika miaka hiyo. Nyumba aliyozaliwa ilichimbwa nusu ndani ya ardhi ya mteremko, na ndama walilala humo pamoja na watu. Alijua mvua ya mlimani, jua liitwalo Lo'a ambalo ndilo jina la Mungu wa Wairaqw, na netlangw, roho waliao majini na kuogopwa. Alikuwa amekwisha kusikia ngano kwa mamia ya usiku. Darasani alifunguliwa kitabu akamkuta kadhi, sultani, jahazi, tende, na mtu akiuza nyumba lakini asiuze msumari uliomo ukutani. Hakuna ubaya katika mambo hayo, na mtoto mwenye akili huyafurahia akiisha kuyaelewa. Lakini ili ayaelewe ilimpasa kwanza aijue lugha, na lugha ilitarajiwa aipate kutoka katika hadithi hizo hizo. Mzigo wa kwanza ulikaa juu ya wa pili. Njia ya pekee iliyobaki ilikuwa kukariri, na kukariri kukawa desturi ya shule nyingi hata baada ya sababu yake kusahauliwa.

Haki inataka isemwe kwamba hadithi hizo za pamoja zilikuwa na thamani yake. Taifa lenye lugha zaidi ya mia moja lilipata hazina moja. Mtu wa Lindi na mtu wa Mbulu walipokutana jeshini, chuoni au kiwandani, waliweza kutaja Abunuwasi na wote wawili wakacheka. Tena ngano za pwani hazikuwa za kigeni kwa jumla. Sungura yumo katika ngano za Unguja, naye ni ndugu wa kwa/angw, sungura mjanja wa ngano za Wairaqw; na fisi hujulikana kwa ulafi wake katika jamii nyingi za Afrika Mashariki. Pale ambapo mwalimu alianza na wanyama hao, daraja lilikuwa limejengwa bila yeye kujua. Kosa, kama ni kosa, halikuwa kuwapa watoto hadithi za wengine. Lilikuwa kuzifanya hizo kuwa mlango wa kuingilia badala ya kuwa chumba cha ndani.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba ngano za nchi hiyo hazikukosa wakusanyaji. Paul Berger, mwanaisimu wa Kijerumani, aliandika masimulizi ya Kiiraqw katika miaka ya 1930, lakini maandishi yake yalingoja mpaka mwaka 1998 ndipo Roland Kießling alipoyatayarisha na kuyachapisha. W. H. Whiteley, aliyekuwa katibu wa Kamati ya Kiswahili katika miaka ya 1950, ndiye aliyetoa mwaka 1958 maelezo mafupi ya sarufi ya Kiiraqw. Yaani mtu yule yule aliyekuwa na dhamana ya Kiswahili cha shule alikuwa na daftari la lugha ya watoto wa Mbulu, na kazi hizo mbili zilikaa katika makabati mawili. Shohei Wada wa Japani alitoa Tokyo mwaka 1976 kitabu kiitwacho Hadithi za Mapokeo ya Wairaqw, na katika miaka hiyo hiyo William Kamera, mwalimu wa fasihi, alichapisha ngano za Wairaqw kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Baadaye Maarten Mous alitoa sarufi kubwa ya Kiiraqw mwaka 1993, na mwaka 2002 yeye, Martha Qorro na Kießling wakatoa kamusi ya Kiiraqw na Kiingereza. Kwa hiyo hadithi ambazo mtoto wa Mbulu alizijua, zikiwa zimekwisha kusemwa kwa Kiswahili ambacho hakukijua, zilikuwapo katika chapa. Lakini kitabu cha Tokyo kilitolewa na chuo cha utafiti kwa ajili ya wasomi, wala hakikukusudiwa kuwekwa juu ya dawati la darasa la kwanza.

Wakati vitabu hivyo vikitoka, shule zilikuwa zikibadilika kwa haraka kuliko wakati wowote. Mwaka 1964 serikali ilijaribu kuwakalisha Wahadzabe mahali pamoja huko Yaeda Chini, na shule ilikuwa sehemu ya mpango. Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 vilifuatwa na kufanywa kwa Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika elimu yote ya msingi. Mwaka 1974 mkutano wa TANU uliofanyika Musoma uliazimia kwamba elimu ya msingi kwa wote ifikiwe mwaka 1977. Watoto ambao baba zao hawakupata kuona ubao waliingia shuleni kwa wingi, wakiwamo watoto wa wafugaji wa Hanang, ambako katika miaka hiyo mashamba makubwa ya ngano ya Basotu yalikuwa yakitwaa malisho ya Wabarabaig. Kwa familia za namna hiyo Kiswahili kilikuja kwa pande mbili kwa pamoja, lugha ya shule na lugha ya wale waliokuwa wakichukua ardhi. Mzazi aliyesitasita kumpeleka mtoto shuleni hakuwa mjinga wa faida ya elimu. Alikuwa akipima sauti ambayo elimu hiyo ilimjia nayo.

Hapo ndipo uchaguzi wa hadithi unapokuwa na uzito kupita ufundi wa kufundisha. Lugha mpya inayokuja na kisa cha nyumbani humwambia mtoto kwamba alichonacho kinafaa kusemwa mbele ya mwalimu. Inayokuja na kisa cha mbali tu humwambia, bila mtu yeyote kukusudia, kwamba aache alichonacho mlangoni. Mtoto mwenye ujasiri huivumilia hali hiyo. Asiye nao hunyamaza. Na ukimya wa mtoto darasani mara nyingi huandikwa na mwalimu kuwa uzito wa akili.

Kwa upande wa isimu, sababu za kutumia ngano zinazojulikana ni nyingi kuliko zinavyotajwa kwa kawaida. Mazoezi ya darasani ya namna ya “Hiki ni nini? Hiki ni kitabu” hufundisha majina ya vitu, lakini hayafundishi jinsi Kiswahili kinavyofuatanisha matendo. Kiambishi -ka- kina makao yake katika masimulizi: alitoka, akaenda, akamkuta, akamwuliza. Mtoto aliyefundishwa kwa maswali ya vitu peke yake hufika madarasa ya juu akisema “alitoka, alienda, alimkuta”, kila tendo likisimama peke yake kama nguzo bila fito. Kiiraqw nacho kina alama ya kuonyesha kwamba tendo linafuata lililotangulia. Kwa hiyo mtoto wa Kiiraqw hana haja ya kufundishwa wazo lenyewe. Anachohitaji ni kusikia Kiswahili kikilisema wazo hilo katika kisa ambacho mfuatano wake anaujua.

Upatanisho wa ngeli una habari yake pia. Mtoto wa Kiiraqw anajua tangu nyumbani kwamba nomino hukitawala kitenzi, kwa kuwa lugha yake ina jinsi tatu, tena nomino yaweza kuwa ya jinsi moja katika umoja na ya jinsi nyingine katika wingi. Kigeni kwake ni hesabu ya ngeli na mahali pa viambishi, ambavyo Kiswahili huviweka mbele. Mdatooga huja na lugha ambayo aghalabu hupenda kitenzi kitangulie. Sasa ngano za wanyama, pamoja na uzuri wake, zina upungufu mmoja ambao walimu hawakuusema sana: wanyama wote hufuata upatanisho wa watu. Sungura amekuja, fisi wameondoka, simba mkubwa amenguruma. Mtoto aliyelelewa kwa Sungura na Fisi peke yao huujua upatanisho mmoja vizuri na mingine kwa kubahatisha. Ngano za nyumbani zina dawa ya hayo, maana zimejaa vyombo, miti, mawe na maji: chungu kikavunjika, mti ukaanguka, jiwe likaviringika, maji yakakauka, nyumba ikaungua. Sentensi tano za kisa kimoja zina ngeli tano, na mtoto akijua ni kitu gani kilichovunjika hatasahau kwa urahisi kwamba kilivunjika kwa ki-.

Watoto wa Kidatooga wana ujuzi mwingine ambao shule haikuutumia. Kwa desturi ya Wadatooga, mwanamke aliyeolewa hayataji majina ya wakwe zake fulani, wala maneno yanayofanana na majina hayo, bali hutumia maneno mengine mahali pake. Alice Mitchell ameichunguza desturi hiyo kwa makini, na tasnifu yake ilitolewa mwaka 2015. Maana yake kwa mafunzo ya lugha ni kubwa. Mtoto wa nyumba kama hiyo humsikia mama akikiita kitu jina moja na watu wengine wakikiita jina jingine, naye huelewa pande zote mbili. Kabla hajafika shuleni amekwisha kujua kwamba kitu kimoja chaweza kuwa na majina mawili, na kwamba jina hufuata msemaji na mahali. Mtoto wa namna hiyo hawezi kuitwa mtu asiyezoea lugha mbili. Angesimuliwa kwa Kiswahili kisa alichokisikia kwa mama, angepata jina la tatu tu.

Ushahidi wa nchi nyingine hauendi kinyume na hayo. Huko Fiji, Warwick Elley na Francis Mangubhai waliwapa watoto wa shule za vijijini vitabu vingi vya hadithi za Kiingereza, lugha isiyokuwa yao. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1983 yalionyesha kwamba watoto hao waliendelea katika kusoma na kusikiliza kwa kasi iliyokaribia mara mbili ya wenzao waliofundishwa kwa mazoezi ya sarufi. Tanzania nayo imekwisha kujifunza kitu. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanzishwa mwaka 1991, umetoa vitabu vya Kiswahili vilivyoandikwa na waandishi wa nchini. Kati ya mwaka 2014 na 2020 mpango wa EQUIP-Tanzania, uliogharimiwa na Uingereza, uliwatayarisha watoto wasiopata elimu ya awali kwa majuma machache ya hadithi na michezo kwa Kiswahili, wakiongozwa na watu wa vijiji vyao wenyewe. Mikoa iliyokuwa na mpango huo ilikuwa kama Dodoma, Tabora, Shinyanga, Simiyu, Mara, Lindi na Kigoma, Manyara haikuwamo.

Pingamizi mbili hutolewa kila jambo hili linapotajwa. Ya kwanza ni kwamba kuingiza ngano za makabila shuleni ni kufufua ukabila. Lakini hapa hakuna anayeomba Kiswahili kipishe lugha nyingine. Kinachoombwa ni kwamba Kiswahili kipewe kisa kilichokwisha kueleweka, ili kieleweke nacho. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 yenyewe ilizitambua lugha za jamii kuwa hazina ya taifa, na hazina isiyofunguliwa haimfai mtu. Ya pili ni kwamba mwalimu huweza kutoka Kagera au Mtwara, naye hajui ngano za Wairaqw, sembuse za Wadatooga na Wahadzabe walioketi dawati moja. Pingamizi hiyo ina ukweli, na jibu lake ni la kazi si la hoja. Mwalimu hahitaji kuijua lugha. Anahitaji kukijua kisa, na visa vinaweza kuandikwa kwa Kiswahili chepesi, kila kimoja kikitajwa kimetoka kwa nani. Mtoto wa Kidatooga akimsikia jirani yake wa Kiiraqw akicheka kabla kisa hakijafika mwisho, atajua kwamba kuna la kuchekesha mbele, naye atatega sikio. Juma linalofuata zamu itakuwa yake.

Historia ya karne moja na zaidi yaonyesha kwamba Kiswahili hakikukosa hadithi, na kwamba watoto wa Mbulu na Hanang hawakukosa hadithi pia. Kilichokosekana ni mtu wa kuvikutanisha viwili hivyo katika daraja la chini kabisa la shule, mahali ambapo mtoto huamua, pengine katika majuma ya kwanza, kama lugha hii inamhusu au haimhusu. Kazi ya kukusanya imekwisha kufanywa kwa sehemu kubwa upande wa Wairaqw, na wasomi walioifanya wanastahili shukrani. Upande wa Wadatooga na Wahadzabe kazi ni kubwa zaidi, na wazee wanaozijua ngano hizo hawaongezeki. Yeyote atakayezitoa kutoka katika vitabu vya utafiti na vinywani mwa wazee, akaziandika kwa Kiswahili ambacho mtoto wa miaka 6 aweza kukifuata, atakuwa ameitendea lugha hii wema ambao kamati za zamani, pamoja na juhudi zao zote, hazikuufikia.